Kompyuta Namba Nne na Ufunguo wa Bwana Šołta

Bwana Handrij Šołta, mkutubi wa Maktaba ya Mji wa Lipowa, anastaafu tarehe 31 Januari 2026 baada ya kuutumikia mji huu kwa miaka thelathini na minane na miezi mitano. Miaka saba ya mwisho aliifanya kazi akiwa mtu anayeshukiwa. Wasifu wa mstaafu kwa kawaida huliruka jambo kama hilo. Huu hautaliruka, kwa sababu nitakazozieleza kwa utaratibu, na kwa ruhusa ya wote wanaotajwa, ingawa mmoja wao ameitoa kwa shingo upande.

Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1987, katika Ujerumani Mashariki, nchi ambayo haipo tena. Maktaba ilikuwa vyumba viwili juu ya kituo cha zimamoto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupandisha makaa ya mawe asubuhi na kuandika kadi za vitabu mchana, na kwa vile alinawa mikono mara moja tu kwa siku, kadi za miaka hiyo bado zina alama za vidole vyake. Juu ya jiko la maktaba alikuwa akipasha chakula chake. Msomaji mmoja alilalamika kwamba riwaya aliyoazima inanuka kitunguu. Handrij aliinusa, akakubali, kisha akamwazima kitabu cha mapishi ili vilingane.

Sisi wa rika lake tulijifunza kushuku mapema. Enzi hizo iliandikwa orodha ya nani kaazima kitabu gani, na walikuwepo watu wa usalama waliopenda kuisoma. Handrij aliiandika kila siku kama alivyoagizwa, lakini kwa mwandiko uliomshinda hata yeye mwenyewe. Alipoitwa kujieleza alisema ana kidole kibovu. Kidole hicho kilipona mwaka 1990, nchi ile ilipokwisha.

Mwaka uliofuata maktaba ilihamia jengo la sasa karibu na kanisa, nami nikaletwa Kumbukumbu za Mji, chumba cha pili kutoka kwake. Nimemsikia akikohoa kwa miaka thelathini na minne, hivyo naandika kama shahidi wa karibu. Msomaji ataona baadaye kwamba ukaribu si sawa na kuona.

Kompyuta sita za wasomaji zilikuja mwaka 2004. Nusu ya watu wa Lipowa tunazungumza Kisorbi, lugha yetu sisi wachache ndani ya Ujerumani, nyumbani, kanisani na zizini, lakini mbele ya mashine sote tulikuwa tunageuka Wajerumani. Wazee walikaa mbele ya kioo wakaogopa kugusa. Handrij akakata vijikaratasi, akaandika juu yake maneno ya Kisorbi, akavibandika kuzunguka fremu za vioo: hapa funga, hapa rudi, hapa chapisha. Vilifika arobaini na kimoja. Vilipochakaa, wasomaji waliandika vingine kwa mikono yao.

Hapa niwafafanulie vijana, na wazee wanaojifanya wanajua. Kivinjari ni ile programu tunayofungulia kurasa za mtandao. Kina lugha mbili, na watu huzichanganya. Moja ni lugha ya tovuti tunazozitembelea, na hiyo huamuliwa zaidi na wenye tovuti. Nyingine ni lugha ya maonyesho, yaani maneno ya kivinjari chenyewe: menyu, vitufe, maonyo. Hii ya pili hubadilishwa na mtumiaji. Unafungua menyu pale pembeni juu, unaingia kwenye mipangilio, unatafuta sehemu ya lugha, unachagua kwenye orodha, unafunga kivinjari na kukifungua upya. Ni kazi ya dakika tatu, na Kisorbi kimo kwenye orodha hiyo. Kizuizi kilikuwa kimoja tu: kwenye mashine za umma mipangilio hufungwa kwa nywila. Nywila yetu ilijulikana na watu wawili. Wa kwanza ni Bwana Uwe Tannert, fundi wa kompyuta kutoka ofisi ya wilaya, Mjerumani anayehudumia maktaba saba. Wa pili ni Handrij, aliyekuwa nayo katika bahasha yenye lakiri ndani ya droo, kwa dharura.

Mwaka 2013 Handrij aliomba kwa maandishi kompyuta ziwekewe Kisorbi. Ofisi ilimjibu kwa mstari mmoja: hakuna uhitaji uliothibitishwa. Aliichomeka barua hiyo ukutani nyuma ya mlango, mahali ambapo aliiona yeye tu, na sisi tuliokwenda kuning'iniza makoti.

Sasa tufike tarehe 25 Januari 2019, siku ya arusi ya ndege. Mtoto wa Kisorbi hahitaji maelezo, lakini jarida hili linasomwa na wenzetu wa wilayani pia. Siku hiyo ndege wanaoana, na huwashukuru watu waliowalisha wakati wa baridi. Mtoto huacha sahani kwenye kizingiti cha dirisha, na asubuhi huikuta ina peremende na andazi lenye umbo la ndege. Aliyeweka haonekani wala hatajwi. Mtoto akidadisi sana huambiwa, "Kawaulize ndege." Na mtu mzima akijua ni nani, hunyamaza, kwa sababu zawadi ya siku hiyo ikishapewa jina la mtu huwa imeharibika.

Ilikuwa Ijumaa. Handrij alifungua maktaba saa tatu kwa ufunguo wake, ule wenye uzi wa buluu. Akawasha kompyuta sita, na vivinjari vyote sita vikafunguka kwa Kisorbi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Marka Cyžowa, mjane wa miaka sabini na tisa aliyekuwa akija kila siku kusoma gazeti na kuota moto bure. Alisimama nyuma ya kompyuta namba mbili akiwa bado na kitambaa kichwani.

"Handrij, hii imejifunza lini?"

"Leo asubuhi, bibi."

"Afadhali. Nilidhani mimi ndiye nitakayelazimika."

Akaketi. Hakuwahi kuketi pale; mwisho wake ulikuwa kubandika kijikaratasi chake na kuondoka.

Saa sita akaja diwani mmoja kuchapisha fomu ya leseni ya uvuvi. Hakuona mahali pa kuchapisha. Handrij alikuwa chumba cha nyuma akipokea vitabu, na Bibi Marka, alipoombwa msaada, alimwambia diwani asome tu, mbona imeandikwa. Diwani alipiga simu ofisi kuu na kusema kompyuta za mji zimevamiwa. Mchana neno uvamizi lilikuwa limeshafika wilayani.

Mkuu wa ofisi yetu, Bi Kerstin Vollbrecht, alifika saa nane. Ni mtu wa haki, na mtu wa haki anapokuwa na mashaka huwa hatari, kwa kuwa hufuata ushahidi kama ulivyopangwa mbele yake. Na ulikuwa umepangika vizuri. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo wa maktaba alikuwa nao Handrij. Nywila ilitumika, na bahasha ilikutwa lakiri yake imekatwa. Handrij alieleza kwamba aliifungua mwezi wa Oktoba, printa ilipogoma, lakini hakukuwa na maandishi ya kuthibitisha. Na nyuma ya mlango, kwa macho ya kila aliyening'iniza koti, ilikuwepo sababu yenyewe, ukutani kwa pini.

Kikao cha kumhoji kilifanyika Jumatatu. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu zake, kwa hiyo maneno haya nayanukuu.

"Bwana Šołta, ni wewe?"

"Siyo mimi."

"Unamjua aliyefanya?"

"Bado. Na nikimjua sitamtaja."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya tarehe."

Bi Vollbrecht alikuja kwetu akiwa mtu mzima, kutoka magharibi ya mbali, na ndege wa kwetu hawajawahi kumletea kitu. Alidhani anadhihakiwa. Aliniambia niandike: mhusika anakataa kushirikiana. Nikaandika. Ni mstari wa tisa.

Nami pia nilimshuku. Nilikuwa nimemwona Ijumaa ile akipita nyuma ya viti, mikono mgongoni, akitabasamu, na nikajiambia hilo ni tabasamu la mwenye siri. Tangu hapo nilimchunguza. Alipofunga droo nilisikiliza kama anaugeuza ufunguo mara moja au mara mbili. Aliponiuliza habari za mke wangu nilijiuliza anataka nini. Wenzangu nao walikuwa na watuhumiwa wao. Wapo waliomtaja padri, na wapo waliosema ni wageni wa mbali kupitia nyaya. Diwani alimshuku Bibi Marka waziwazi, na Bibi Marka, alipoambiwa, alimjibu kwamba angekuwa na uwezo huo angeanza na benki.

Hakuna aliyemshuku fundi. Nani humshuku anayeitwa kuja kutengeneza? Na bado yalikuwepo ya kushukiwa. Alhamisi tarehe 24, siku moja kabla, Bwana Tannert alikuwa amekuja kwa huduma ya kawaida na alibaki peke yake chumba cha wasomaji alasiri nzima. Alipoitwa Ijumaa kurudisha Kijerumani, alisema barabara zina theluji. Wiki iliyofuata alisema gari. Kisha akasema kuna maktaba nyingine imezidiwa. Siku kumi na moja zilipita. Theluji ya siku hizo, nimeangalia kwenye daftari la barabara, haikufika kifundo cha mguu.

Katika siku hizo kumi na moja, watu kumi na tisa ambao hawajawahi kugusa kompyuta waliketi mbele yake. Bibi Marka aliandika barua yake ya kwanza kwa mashine: malalamiko kwa wazoa taka, kwamba pipa lake hurudishwa limelala. Alijibiwa. Alilichapisha jibu hilo na kulitembeza mji mzima kama picha ya mjukuu.

Tarehe 5 Februari Bwana Tannert akaja, akarudisha Kijerumani kwenye mashine zote sita, akaandika ripoti kama taratibu zinavyotaka. Handrij alimpa supu, kama alivyompa kila mara ajapo kwetu. Sisi wengine tulikula vyumbani mwetu, kwa hiyo yaliyosemwa mezani pale hatukuyajua.

Mwezi huohuo barua ya onyo iliingia kwenye faili la Handrij, na ufunguo wenye uzi wa buluu ulichukuliwa. Tangu siku hiyo mkutubi wa Lipowa alipaswa kila asubuhi kupita dirisha la mapokezi, kuomba ufunguo wa maktaba yake mwenyewe na kutia saini, na jioni kuurudisha na kutia saini tena. Dirishani yupo Bi Lenka Nukowa, ambaye hakupenda kazi hiyo na aliificha aibu yake kwa utani.

"Haya jambazi wetu, weka saini. Na kalamu hiyo nimeihesabu."

"Pima na wino, Lenka, usije ukapunjwa."

Hivyo kila siku ya kazi, kwa miaka saba. Madaftari manane yalijaa. Sikumwona akilalamika hata mara moja, na mtu anayeshuku hata hilo huliona ushahidi.

Sasa mafanikio yake, yasije yakazikwa chini ya kesi. Machi 2019 wasomaji ishirini na saba, Bibi Marka wa kwanza, walipeleka ombi kwa baraza la mji. Uhitaji sasa ulikuwa na majina na saini. Baraza likakubali mipangilio ya lugha ifunguliwe, kila anayeketi achague anayoitaka. Handrij akaanzisha somo la Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Wamepita mikononi mwake watu mia mbili na kumi na wawili, wakiwemo Wapolandi wa kiwanda cha maziwa, familia za Kisiria za mtaa wa juu, na mama mmoja wa Kivietinamu ambaye sasa anawafundisha wengine.

Mbinu yake ni rahisi na nimeiona ikifanya kazi. Hakumfundisha mtu kwenda tu; alimfundisha kwanza kurudi. Kabla hujabadilisha lugha, alisema, hesabu mistari: mipangilio ni wa ngapi kutoka chini, sehemu ya lugha ni ya ngapi kutoka juu, andika kwenye kiganja. Maneno yakigeuka usiyoyajua, mistari bado ipo palepale. Diwani wetu wa leseni ya uvuvi alidharau kuhesabu, akakwama katika Kiaislandi siku mbili, akasema ameamua tu kujisomea habari za samaki. Handrij alimtoa huko kimyakimya, wala hakulisimulia. Nimelisimulia mimi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimejiandaa kuandika. Kisha mwezi wa Desemba ikaletwa mezani kwangu rasimu ya cheti chake cha utumishi, ili nichukue tarehe.

Vijana nawaomba mtulie hapa. Katika nchi hii cheti cha mtu anayeondoka kazini hakisemi ubaya. Kisheria hakiruhusiwi. Kwa hiyo tumejifunza kusoma kisichoandikwa. Mtu aliyeshika ufunguo wa jengo huandikwa kuwa alikuwa mwaminifu. Neno hilo likikosekana, kila mwenye uzoefu huelewa, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu ya neno ambalo halipo. Rasimu ya Handrij ilisema: mwenye bidii, mwenye ujuzi mpana, mwenye adabu kwa wasomaji wa kila aina. Nikaisoma mara tatu. Mwenye bidii, mwenye ujuzi, mwenye adabu, basi.

Handrij alikuwa ameshaiona.

"Si cheti cha kuombea kazi, Měrćin," aliniambia. "Naenda kulima bustani. Viazi havisomi."

Lakini alipokuwa akisema hayo vidole vyake viliikunja nakala yake, na kuikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu. Miaka thelathini na minane ikakaa kwenye ukucha wa kidole gumba.

Siku ile nililifungua faili. Nakiri kwamba sikulifungua nikiwa naamini hana hatia. Nilitaka kujua mara moja kabla hajaondoka, kama mtu anayetaka kumaliza fumbo la gazeti la zamani. Ilikuwemo kumbukumbu yangu. Ilikuwemo barua ya onyo. Na chini kabisa ilikuwemo ripoti ya fundi ya tarehe 5 Februari 2019, ambayo mimi mwenyewe niliigonga muhuri na kuihifadhi bila kuisoma. Bwana Tannert, kama fundi mwaminifu kwa kazi yake, alikuwa ameorodhesha hali aliyoikuta. Namba moja, mbili, tatu, tano na sita: Kisorbi cha Juu. Namba nne: Kisorbi cha Chini.

Kisorbi ni lugha mbili. Cha Juu ni chetu. Cha Chini ni cha ndugu zetu wa kaskazini, mwendo wa saa moja kwa gari, na tunaelewana nao kama mtu anavyomwelewa binamu anayeongea huku anatafuna. Kwenye orodha ya kivinjari majina hayo mawili yanakaribiana, na yeyote anaweza kuteleza akabofya lisilo lake. Kuteleza si ajabu. Ajabu ni kuliacha kosa hilo lilivyo. Kivinjari kikifunguka upya, mtu wa Lipowa angeliona kabla hajavuta pumzi, kama anavyoona kiatu cha mtu mwingine mguuni mwake, naye angerudia; walioketi hapo siku zile bila shaka waliliona, ila sisi wenye mashaka hatukuwauliza. Aliyeiacha namba nne vile aliyaangalia maneno yale akadhani yanafanana na yale ya namba tatu.

Kwa hiyo hakuwa Handrij. Hakuwa Bibi Marka, wala padri, wala yeyote aliyelelewa na lugha hii. Alikuwa mtu asiyeisoma, na mwenye nywila. Nilikuwa nimeishika karatasi inayosema hivyo kwa mikono yangu, miaka saba nyuma, huku nikisikiliza droo za mwenzangu.

Nikapiga simu wilayani.

"Uwe," nikasema, "namba nne."

Nikasikia kiti kinasogezwa na mlango unafungwa.

"Nimeingoja simu hii miaka saba, mzee."

"Ungeweza kupiga wewe."

"Ningeweza. Kila wiki nilisema wiki ijayo."

Akanieleza. Kila alipokuja kwa huduma ilikuwa kazi yake kuvibandua vile vijikaratasi kwa wembe na spiriti, kwa sababu gundi inaharibu fremu, naye alijua akigeuza kisogo vitarudi. Alhamisi ile alikifikia kimoja kilichoandikwa kwa mkono unaotetemeka, pembeni ya kitufe cha ukurasa wa kwanza, chenye picha ya nyumba. Alimwuliza Handrij kinasema nini. Handrij akamwambia: Hapa ni nyumbani, Marka usiogope.

"Nikajiona mjinga," Tannert alisema. "Nabandua saa nzima kwa wembe kitu ninachoweza kukiweka ndani kwa dakika tatu. Na watoto wa chekechea walikuwa hapo asubuhi wanachora ndege kwa ajili ya kesho yake. Nikasema basi, nami mwaka huu niwe ndege."

Neno uvamizi lilipofika wilayani, akaogopa. Aliahirisha siku kumi na moja akitumaini hasira zitapoa. Alipokuja hatimaye, Handrij alimwekea supu, akamwonyesha kioo cha namba nne, akasema tu, "Huyu ndege wa hapa katua kwenye dirisha la jirani." Tannert aliimwaga supu nusu. Handrij akafuta meza, akamwongezea nyingine, akaanza habari za mpira. Hayakutajwa tena.

"Alijua siku ile ile," nikasema.

"Alijua. Na kila nilipokuja baadaye nilimwona anatia saini pale dirishani. Supu yake nilikuwa naiacha nusu, mzee. Na alikuwa anauliza kama imezidi chumvi."

Tarehe 12 Januari mwaka huu Bwana Tannert alikwenda mwenyewe kwa Bi Vollbrecht na ripoti yake mkononi. Nilikuwepo. Mkuu wa ofisi aliisoma mara mbili, akaomba na kumbukumbu yangu, akaisoma pia.

"Na Bwana Šołta alijua ni wewe?"

"Tangu ile supu."

Bi Vollbrecht aliweka kidole kwenye mstari wa tisa. "Alinijibu kweli kila swali," akasema, "nami nikauita ukweli wake ukaidi." Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili. Rasimu ya cheti imechanwa na nyingine imeandikwa.

Nilipomwambia Handrij kwamba nitayaandika haya, alikasirika. Sijawahi kumwona hivyo.

"Ndege hatajwi, Měrćin. Wewe si mtoto. Miaka saba nimemeza aibu nisilitaje jina, wewe unataka kulichapa jaridani?"

Nikampa karatasi niliyopewa na Bwana Tannert, yenye sentensi moja. Naiweka hapa kama ilivyo: "Ndege anayemwacha mwenye dirisha apigwe kwa ajili ya peremende alizomletea, huyo si ndege bali ni mwoga, na mwoga atajwe." Handrij aliisoma, akatafuta miwani, akaisoma tena. "Haya," akasema. "Lakini andika pia kwamba gari lake kweli lilikuwa bovu." Nimeandika. Lilikuwa bovu siku mbili kati ya kumi na moja.

Jumapili iliyopita ilikuwa tarehe 25 Januari. Nyumbani kwa akina Šołta watoto walishaondoka, lakini mkewe bado huweka sahani dirishani kwa mazoea. Asubuhi waliikuta ina andazi moja la ndege, limeungua kidogo ubavuni, kazi ya mtu asiyewahi kuoka la aina hiyo. Kando yake ulikuwepo ufunguo wa maktaba wenye uzi wa buluu. Jumatatu Handrij alipita mapokezi, na Bi Lenka akamwambia daftari limepotea, hajui limekwenda wapi, akawaulize ndege. Juma zima hili amefungua mlango wake mwenyewe.

Andazi lile limeokwa na nani, sijui. Ninayo mashaka yangu, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utumishi nimeamua kutoyafuatilia.

Ninalo sahihisho moja kama mtunza kumbukumbu. Katika kumbukumbu za kikao cha tarehe 28 Januari 2019, mstari wa tisa, palipoandikwa "mhusika anakataa kushirikiana" pasomeke: "mhusika amesema kweli." Aliyeandika ndiye aliyekosea.

Handrij, kwa makaa uliyopandisha, kwa mwandiko mbaya uliowaficha wasomaji wako, kwa watu mia mbili na kumi na wawili wanaojua njia ya kwenda na ya kurudi, mji wa Lipowa unakushukuru. Cheti chako utakabidhiwa Ijumaa mbele ya wote, na tumeomba kisomwe kwa sauti, polepole. Neno lililokosekana limewekwa la kwanza. Bibi Marka, ambaye sasa ana miaka themanini na sita, amesema atakaa mstari wa mbele kuhakikisha.

Nenda kwenye viazi vyako ukiwa na afya, usingizi mzuri na jina lako kamili. Na kila mwaka ifikapo tarehe hiyo, sahani iache dirishani.

Měrćin Delan
Kumbukumbu za Mji, Lipowa